Maelezo Kuhusu Damu ya Sungura wa Kizimba cha Tatu

Shahidi: Babu Sungura (jina la kwenye kitambulisho afande ameshaliona)
Umri: miaka sabini na minane
Kazi: mtunza sungura, maabara ya utafiti
Makazi: chumba cha uani, nyuma ya maabara

Mimi nina miaka sabini na minane. Nimezika wake wawili, nimewaaga wakurugenzi watatu, na jengo la kwanza la maabara lilianguka mimi nikiwa nje. Sungura aliyekufa mikononi mwangu kwa uzembe hayupo. Afande, andika hilo kabla ya mengine.

Kazi ya pale naielewa nusu. Ndani ya miili yetu, ndani kabisa, mna vitu vidogo vinaitwa mitokondria, vinapika nguvu. Humo mna protini ambayo Profesa anaitafuta kwa wagonjwa wa misuli. Sungura anachomwa sindano yenye protini hiyo, mwili wake unaikasirikia, unatengeneza kingamwili. Damu ikitolewa, maji yake yanatiwa kwenye chupa ndogo kuliko kidole changu cha mwisho. Kingamwili zikikutana na protini ile zinaishika, na mstari mweusi unatokea kwenye karatasi ya kipimo. Sungura asiyejua hata mlango wake anaijuaje protini, hilo nimeelezwa mara nyingi na sijalielewa.

Mnamo tarehe 6, Jumatatu, saa mbili asubuhi, nilikuwa nasafisha vizimba. Sungura wa kizimba cha tatu, kilicho dirishani, alikuwa anapiga chafya. Upepo ule ungemuua. Nikamhamishia cha nne, ukutani, na wa cha nne nikamleta dirishani, maana yeye mnene, ana manyoya kama zulia. Wote weupe, macho mekundu. Vibao vya namba vimefungwa milangoni, sikuvigusa. Mlinzi wa lango, aliyenishikia mlango, akanitania kwamba nimegeuka dalali wa vyumba. Nikamjibu kuwa hata yeye akipiga chafya nitamhamisha.

Kesho yake mimi nilikwenda kwa daktari wa macho. Huku nyuma fundi wa maabara, yule binti anayenyonyesha, akatoa damu kizimba cha tatu.

Alhamisi zikawa kelele. Chupa ya damu ya zamani ya kizimba cha tatu ilitoa mstari, chupa mpya haikutoa kitu. Profesa akasema binti kauza ya kweli katia ya uongo, kwa kuwa funguo za jokofu anazo yeye peke yake. Binti akanifuata analia.

"Babu, kuna chupa yoyote uliyoigusa?"

"Mjukuu wangu, chupa zenu sijazigusa hata kwa macho."

Na ni kweli. Mpaka leo ni kweli. Saa tisa alasiri mkamchukua, mtoto akabaki kwa jirani.

Leo asubuhi mlinzi akaniuliza kama wale wapangaji wangu niliwarudisha. Nikamwambia niwarudishe kwa nini, na chafya imekwisha? Akashika kichwa. "Mzee, yule mnene si hajachomwa sindano hata siku moja?" Tukabishana sana. Mimi nilijua damu ya sungura ni damu ya sungura. Bado sijaelewa vizuri, afande, nisikudanganye. Lakini kama mlinzi kasema kweli, binti alimtoa damu sungura asiyejua lolote, na hakuna kilichouzwa. Nilimweleza Profesa, akaniambia nikapumzike. Mimi silazwi na mtu. Nimekuja kwa miguu.

Kwamba nilikosea kumwondoa mgonjwa kwenye upepo, silikubali. Kwamba binti amelala ndani na maziwa yanamwuma, hilo ndilo lililonileta. Na kesho asubuhi sungura wa kizimba cha nne, yule wa chafya, amepangiwa kuuawa, eti hana kazi.

Niliyoyatenda na niliyoyasikia ndiyo hayo, sina jingine.

Dole gumba la kulia la shahidi

Maandishi ya afisa: Nimemsomea shahidi mara mbili, maana mara ya kwanza alidai sijaandika habari za wakurugenzi. Ameyakubali. Ametaja wawili wa kumthibitishia: mlinzi wa lango, zamu ya asubuhi, na sungura aliye kizimba cha nne, ukutani. Huyo wa pili nimemtumia koplo wa kumlinda mpaka daktari wa mifugo atakapomtoa damu ya kupimwa.