Udongo wa Nekesa Haukuwa wa Mimba

Malaba

Mama Nekesa, mke wa marehemu mwanangu,

Hamjambo hapo Funyula? Mgongo wako je, na ule muhogo, mvua imeuacha? Mimi hapa kwa mjukuu wangu Nekesa nakula, nalala, ni magoti tu yamekataa kazi. Kwa mwenye magoti, Malaba hadi kwako si mbali. Kwangu ni ng'ambo.

Anayeniandikia ni mwalimu, mpangaji wa chumba cha pili. Nimemkataza kupamba maneno. Sikupiga simu kwa sababu simu yako husikizwa na boma zima, na haya ni ya kwako peke yako. Kaa chini.

Hakuna mtoto.

Najua nilikuambia mumeo Wandera anarudi kwa jina. Najua umeshatangaza kanisani. Ngoja nikueleze.

Nilikuwa nafagia kwa Nekesa nikakuta mfuko wa udongo mweupe uvunguni mwa kitanda. Wewe unajua ni nani huficha udongo. Nikiwa na mimba ya Wandera nilikwangua ukuta wa jikoni nikila mpaka mama mkwe akanifukuza na mwiko. Nikaulamba, laini kuliko unga wa wimbi. Nikakupigia simu papo hapo, nacheza na haya magoti mabovu.

Jioni nikampikia samaki na uji mzito. Akaniuliza mimi bibi yake, "Kukhu, leo kuna mgeni?"

"Mgeni yuko njiani. Nimeuona udongo wako."

"Ule? Ule ni wa mpira, Kukhu."

"Mpira! Kama mlitumia mpira, mimba imetoka wapi?"

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha nikaangalia mabega yake, nikajua si kicheko tena.

Mama Nekesa, walimtoa kizazi mwaka jana. Ule ugonjwa aliotuambia ni vidonda vya tumbo, ndio huo. Alijisainia mwenyewe, akalala wodini mwenyewe, akarudi kazini. Hakutaka kukuongezea msiba juu ya ule wa baba yake. Nilimgombeza sana, kisha nikamweka kifuani kama mtoto wa juzi, tukalia mpaka uji ukapoa.

Halafu nikamuuliza huo udongo ni wa nini, maana nilitaka azungumze. Akaleta kipande cha tyubu ya baiskeli. Anasema tyubu huvuja hata bila msumari, hewa inapenya polepole ndani ya mpira wenyewe. Sasa huko chuoni anakofanya kazi wanachanganya mpira wa mti na mwingine wa kiwandani usiopitisha hewa sana, halafu wanatia huo udongo. Unapasuka vipande vyembamba, ganda la kitunguu mbele yake ni blanketi. Vinalala vimepishana. Hewa ikitaka kutoka inagonga hapa, inazunguka pale, kama hawa wetu wanaopita njia za panya na sukari wakikwepa askari. Kufika itafika, lakini itachelewa. Ila udongo ukibaki mabonge, kama ugali wa mvivu, kazi bure.

Hizo tyubu anazijaribu kwa walemavu wanaovusha mizigo mpakani kwa baiskeli za magurudumu matatu. Jana tukienda sokoni mmoja akapiga kelele, "Mama Tyubu! Bado imekaza!" Hapa kila mwanamke ni mama fulani, hakuwa na ubaya. Nekesa akampungia mkono, akacheka. Lakini nilikuwa nimemshika mkono ule mwingine, na ulinibana.

Sasa sikia. Kanisani sema mimi nilikosea, sema yule bibi wa Malaba amezeeka akili. Nimekubali. La kizazi usiliseme, atalisema mwenyewe akitaka. Jina la Wandera mwachie mke wa shemeji yako, yule mwenye mimba ya kweli. Imeniuma kulitoa hilo neno, lakini nimelitoa.

Nisalimie shemeji yako katekista, apunguze mahubiri. Na dada yangu mgonjwa wa sukari, mwambie soda nitazisikia hata nikiwa huku.

Nekesa anakuja Desemba. Usimwangalie tumbo. Mchinjie kuku, na firigisi, ile ya mwenye boma, ambayo tangu Wandera afe hakuna aliyeigusa mezani kwako, mpe yeye. Shemeji zako wakinung'unika, waambie ni mimi nimesema.

Mama mkwe wako, ninayekupenda kwa nguvu zote zilizobaki,

Kukhu wa Nekesa