Tofali lenye msalaba

Jumamosi, 14 Juni. Baridi ya kiangazi, vumbi jekundu hadi kwenye kope. Leo nitaandika yote, hata lile linalonitia aibu.

Tantine Mado, dada wa baba, huuza vitenge kwenye soko la mji mdogo, mwendo wa saa moja kwa pikipiki kutoka kwetu Dilala. Mimi humfuata ili nichore makanisa ya zamani.

"Benzako banatafuta bachumba, weye unatafuta makanisa!" alinicheka mbele ya wateja.

Kanisa la huko ni kubwa kuliko mji wenyewe. Tata Kalonji, mlinzi wake, aliniomba nivue viatu na nitembee polepole. Kengele haipigwi tena. Nyuma ya altare kuna ufa mrefu, na juu yake amebandika vipande vya karatasi, kila kimoja kina tarehe.

"Karatasi ikipasuka, ukuta ilitembea," alisema. "Padri anaombea batu, mi naombea karatasi."

Karatasi ya jana ilikuwa imepasuka.

Nilimuuliza kwa nini. Akaonyesha sakafu kwa kidole.

"Bachimbaji, mwanangu. Banafwata shaba chini yetu. Siku ya yenga, siku ya misa, ndiyo banapiga sana, juu tunaimba, hakuna mwenye kusikia. Padri anasema nimuonyeshe shimo kwanza, ndipo ataamini. Mi siyui mulango yake."

Kesho Jumapili watoto wa huko wanapata kipaimara.

Penye ufa lipu imebanduka, matofali yako wazi. Kila moja lina msalaba mdogo ndani ya duara. Nilianza kuuchora, mkono ukasimama.

Tofali kama hilo liko nyumbani, chini ya mbabula, jiko la makaa la mama. Baba, naye mchimbaji wa shaba, alilitoa kwenye shimo lake mwezi uliopita. "Ona, mama, Mungu iko natusaidia kupika!" alisema, na sote tukacheka. Siku za Jumapili haendi misa nasi. Husema ndiyo siku nzuri ya kazi.

Sikumwambia Tata Kalonji. Nilivaa viatu, nikaaga.

Jioni hii mama anapika maharage juu ya tofali lile. Baba anafunga mfuko wake. Alfajiri pikipiki itamchukua. Nikisema, askari watamkamata. Nikinyamaza, sijui ukuta utamwangukia nani.

Nimekata kipande cha karatasi kama vya Tata Kalonji, nimeandika tarehe, nimekitia ndani ya buti la baba:

Baba, nijibu kabla hujavaa. Kesho saa tatu, watoto wakianza kuimba, utakuwa chini yao?