Sakafu ya Shangazi Safi

Manika, Kolwezi
9 Juni 2025

Mpendwa kaka yangu Twahiru,

Assalam alaikum. Habari za Liège? Wifi Laure amepona kikohozi? Sisi huku wazima, kama uzima ni kupumua. Mama analalamikia vumbi la malori ya migodi, na bado anakataa kufunga dirisha.

Nakuandikia kwa sababu simu zetu hupokei tangu matanga ya shangazi Safi. Barua anakuletea jirani yetu Papy. Nimemkataza kunywa chai yako kabla hujaisoma.

Najua unamlaumu baba. Shangazi ndiye aliyekulea, na sakafu iliyomwangusha ilitoka mikononi mwa baba. Lakini hukuwepo, na waliokusimulia walikupa nusu.

Unajua mbao ndefu zimekuwa adimu. Kwa sakafu ya juu ya msikiti, ya akina mama, baba alikusanya mbao fupi za masanduku ya mashine, akazibandika kwa gundi tabaka tatu zinazokingamana, kama alivyoona kwenye picha ulizotutumia za kiwanda cha mbao unachofanyia kazi. Gundi ilishika vizuri. Kosa lilikuwa moja: mbao za juu na za chini alizilaza zifuate safu za swala, ili akina mama wasimame sawasawa bila kuchorewa mistari. Shangazi mwenyewe ndiye aliyemwomba, maana alichoka kuwapanga. Kumbe zilipaswa kutoka ukutani hadi kwenye boriti ya mbele. Kwa vile alivyozilaza, tabaka la katikati peke yake ndilo lililobeba uzito. Siku ya Idi ya Mfungo, akina mama walipojaa na kusujudu pamoja, ikapasuka.

Wengine waliumia tu. Shangazi wetu hakuamka. Nalia nikiandika, uniwie radhi kwa wino uliotapakaa.

Baba alibaki kurudia, "Mi njo niliua dada yangu." Hakugusa msumeno mpaka wazee wa msikiti walipotaka kumwita fundi mwingine. Akaenda kuwaomba kwa machozi wamwachie. Safari hii alibandika tabaka tano, mbao za nje zikatoka ukutani hadi kwenye boriti, na katikati akaweka nguzo. Vijana wachimbaji wa Musonoi wakaijaza mifuko ya mawe wiki nzima. Haikubonyea. Hata hivyo hakuna mwanamke aliyekubali kupanda. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka.

Ijumaa, sikukuu ya Kuchinja, nikapanda mimi kwanza. Baba alinishika mkono kwenye ngazi. "Mutoto wangu, mi siwezi kukuomba upande." Nikamwambia hajaniomba. Wenzangu wakanifuata. Mistari tumechora kwa chaki. Sakafu haikulia hata kidogo.

Tulipoanza kushuka, baba hakuwa kwenye safu ya wanaume. Alikuwa amepanda benchi chini yetu, ameikinga sakafu kwa viganja vyote viwili. Hakuswali, Twahiru. Baba, ambaye hata homa haimkoseshi swala! Nilimwambia imekwisha, lakini hakushusha mikono mpaka mwanamke wa mwisho alipofika chini.

Kaka, sikulazimishi kumsamehe. Mpigie tu, hata kama mtanyamaza wote wawili.

Mama na mdogo wetu Asia wanakusalimu sana, pia tata Godefroid wa nyumba ya pili. Baba hakutuma salamu. Alisema hana uso wa kukusalimia.

Mungu amlaze shangazi pema, na akulinde wewe na nyumba yako.

Dada yako akupendaye daima,
Rachida