Msumeno wa Marehemu Baba

Baba watoto,

Chakula kipo jikoni, pasha mwenyewe. Sufuria kubwa usiiguse mpaka niisugue. Uliloweka kabureta ya msumeno humo, bado inanuka petroli.

Fundi mzima! Miezi yote hiyo unaupaka rangi msumeno wa mnyororo wa marehemu baba yangu, umeuremba kama bibi harusi, nami nikisogea unaniambia, "Mama watoto, huu si mwiko wa jikoni." Leo asubuhi ukaita majirani waje wakuone ukikata tawi lililoziba geti. Kelele tupu na moshi, tawi likaungua badala ya kukatika. Ukasema eti mti mgumu.

Mti gani mgumu? Mnyororo umeufunga kinyume, meno yanatazama nyuma! Baba alinifundisha hilo nikiwa bado nang'oka meno ya utoto. Akili ni nywele, kila mtu ana zake, na wewe una upara.

Ulipokwenda kujificha bafuni niliugeuza mnyororo, nikalikata tawi. Majirani walikuwa bado wamesimama.

~~Msumeno nimeurudisha stoo.~~ Msumeno naupeleka kwetu. Mwiko nimekuachia hapa mezani.

Mama watoto