Kamera Yako na Watu Wenye Adabu

Kijiji cha Vunimoli,
Kisiwa cha Taveuni,
Fiji.
18 Agosti 2024

Mpendwa binamu Isikeli,

Pokea salamu za mtoto wa shangazi yako, yule aliyekushinda kwa sura na kwa akili. U hali gani huko Mildura? Na mgongo wako vipi, bado unainamia mizabibu ya watu? Sisi huku wazima. Bibi yetu, Bubu, magoti yanamsumbua kama kawaida, ila mdomo wake mzima kabisa. Mama yako amepona kikohozi na amerudi kuimba kanisani, kwa hiyo sasa tunaoumwa ni sisi tunaomsikiliza.

Nakuandikia kwenye karatasi kwa sababu simu ya mjomba, huyo baba yako, inasomwa na nyumba nzima. Barua nimempa Litia, anayekuja kuungana nanyi kwenye kazi ya shamba. Usimwonyeshe meno, ana mchumba.

Sasa kuhusu hiyo kamera yako. Binamu, ulishindwa kutuma viatu? Umekaa Australia miaka miwili, ukaingia dukani na pesa yako mwenyewe, ukatoka na jicho la plastiki lisilojua kutofautisha mwizi na mgomba.

Baba yako alilifungua mbele ya wazee wote kama anayefungua Biblia mpya. Akalipigilia juu kabisa chini ya bati la baraza, utafikiri tunaibiwa na popo. Nia ilikuwa njema, kwani mizizi ya yaqona, kinywaji chetu cha heshima, tuliyoanika kichanjani kwa ajili ya posa yako kwa kina Salanieta ilikuwa inapungua, na si kwa kukauka. Lakini nia njema haikamati mtu.

Mwanzoni simu ya mjomba, iliyounganishwa nalo, ililia kutwa nzima. Kuku akipita, inalia. Mbwa akijikuna, inalia. Mchana bati likipata moto na majani ya mgomba yakicheza, hapo ndiyo inalia mpaka betri inachoka. Mjomba anaacha chai, anatoka mbio na panga, anakuta nguruwe wa jirani anamtazama kwa huruma.

Ndipo baba yako akapata wazo, na unajua mawazo ya baba yako. Akachukua simu, akapitisha kidole kwenye picha, akaifuta sehemu yote ya chini ili kamera isiishughulikie tena.

“Nguruwe hana kimo hicho,” akasema. “Mwizi ni mtu, na mtu anatembea amesimama.”

Wazee wakatikisa vichwa. Kweli ikanyamaza. Mjomba akatembea kijiji kizima kifua mbele, anafundisha watu ambao hata redio hawana namna ya kutega kamera. Na mizizi ikaendelea kupungua.

Kitu kilichobaki kuonekana ni mimi tu. Apisai anakwenda shambani, Apisai anarudi na gunia la magimbi, Apisai anajinyoosha. Ukiondoa za mwenye nyumba, picha zote mimi. Ukitaka sura yangu ukutani kwako, baba yako anazo za kutosha.

Kikao kikaitwa. Mjomba akaweka simu katikati ya mkeka.

“Mashine haina mpwa wala shemeji,” akaniambia. “Imekuona wewe peke yako.”

“Mjomba, mimi ni mtoto wa dada yako,” nikamwambia. “Nikiitaka yaqona yako naibeba huku unaniangalia, na desturi inakufunga mdomo. Niibe ya nini?”

Shemasi Tomasi, jirani yetu, akaniwekea mkono begani, laini kama siagi. “Usibishane na mkubwa, mwanangu. Ungama tu, moyo upumzike.”

Nikamwambia moyo wangu haujachoka. Wakanuna wote. Mjomba akakata shauri kwamba Jumamosi napanda meli, narudishwa kwa baba yangu Savusavu, na barua ya kueleza kwa nini. Hebu fikiri, binamu. Nishuke bandarini mwizi, mama yangu amesimama pale na shangazi zangu wote.

Ijumaa nilikuwa barazani nafunga begi, simu ya mjomba iko mkekani. Bubu akapita mbele ya baraza kwenda kichanjani kugeuza mizizi. Ameinama mpaka kiunoni, anaomba radhi, “tulou, tulou,” kama wanavyopita wote mbele ya nyumba ya mkubwa, na barazani hamna mkubwa, niko mimi na paka. Simu kimya. Nikasimama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Nikawaita wote. Nikampa mjomba simu aishike mwenyewe. Bubu akapita tena ameinama, simu kimya. Nikamswaga nguruwe, kimya. Nikapita mimi, wima kama mnazi, simu ikapiga kelele.

“Mjomba,” nikasema, “kwa kamera hii Bubu na nguruwe ni kitu kimoja. Inamkamata asiye na adabu tu, na hapa kijijini asiye na adabu ni mimi peke yangu.”

Bubu akanipiga kwa kitambaa cha mkononi, ila alicheka. Mjomba hakucheka.

Nikaitega upya mimi, darasa la nane na nusu. Nikaishusha hadi usawa wa kifua, nikaitoa kwenye bati la moto nikaifunga kwenye nguzo ya mti karibu na kisanduku cha mtandao. Nikaigeuza ili anayepita aikate kwa ubavu, maana ukiifuata usoni moja kwa moja inazubaa mpaka umeshafika. Nikafuta mgomba tu kwenye picha, na nguruwe nikamjengea uzio, dawa ambayo haihitaji betri. Mjomba akaniahirishia meli, kwa shingo upande.

Jumanne mchana, watu wote mashambani, ikalia. Shemasi Tomasi. Ameinama vizuri sana, gunia linaburutwa nyuma, na midomo inacheza. Tulou, tulou. Anaiba huku anaiomba radhi nyumba.

Kesho yake akaja kuomba msamaha kidesturi, amevaa shati la ibada, na fungu la yaqona mikononi kama inavyotakiwa. Mjomba akalitazama lile fungu. Limefungwa kwa kamba yetu ya bluu, fundo la Bubu. Alituletea mizizi yetu kuombea msamaha wa mizizi yetu. Na desturi ni desturi, ikabidi tuipokee, tuipigie makofi, tuitwange.

Kwangu mjomba hakusema neno la kujirudi, baba yako unamjua. Ila kifuu cha kwanza kilipojazwa hakukipeleka kwa mzee wala kwa shemasi. Alininyooshea mimi, kwa mikono miwili, mbele ya wote. Nikanywa polepole sana, binamu. Niliwaacha wasubiri.

Mizizi iliyobaki inatosha posa, usiwe na wasiwasi. Bubu, mama yako na watoto wote wanakusalimu. Nisalimie Semesa na vijana wote wa kambini. Mungu akulinde yeye mwenyewe, asiitume kamera.

Ni mimi ninayekupenda pamoja na ujinga wako wa madukani,
Apisai