Cheche Iliyo Juu ya Kichwa cha Mama

Kahama,
Jumapili, Julai 1976

Baba,

Shikamoo. Nimekaa kukuandikia baada ya misa, na nimeapa kukueleza yote, hata yale ambayo Mama amenikataza kumwambia mtu.

Mama sasa anafanya kazi kiwandani kwako. Baada ya kukuzika Masumbwe hatukuwa na njia nyingine. Anatoa takataka kwenye pamba, na amekalishwa chini ya kile kisanduku cha rilei ulichokuwa ukikisafisha, ile swichi inayosimamisha mkanda. Nampelekea chakula nikitoka shule. Kila mkanda unaposimamishwa, cheche ya buluu inaruka mle ndani. Kifuniko kimepotea, na nyuzi za pamba zimetanda juu yake kama utando wa buibui. Wenzake wanamtania: "Mama Kabula, wewe umepewa taa yako peke yako."

Jumatano taa hiyo iliwasha nyuzi. Moto mdogo, wa kujaa kiganja. Mama aliupiga kwa kanga hadi ukazimika, akaikunja kanga ili tundu lisionekane, akaendelea na kazi. Mimi nilikuwa mlangoni na chakula chake, nikaona yote. Tangu siku hiyo kengele ya shule ikilia nashtuka, nadhani ni ya kiwandani.

Fundi Masanja, aliyeshika nafasi yako, si mtu mbaya. Kondensa ya kuzuia cheche uliyoifunga kwenye rilei ilivimba ikafa, na madukani hakuna nyingine. Basi anazipaka zile pointi zinazogusana mafuta ya pamba, maana hapa mafuta ya pamba ni dawa ya kila kitu, bawaba, mikono iliyopasuka, hata magoti yangu. "Yanapoza," anasema. Lakini wewe ulisema yanaungua na kuacha masizi, na cheche inazidi.

Nakumbuka tulivyokaa uani ukanichorea kwa kijiti. Ulisema umeme ulioshika mwendo ni kama ng'ombe wanaokimbilia lambo. Ukiwafungia lango ghafla, wanaliruka, na huko kuruka ndiko cheche. Wajengee zizi dogo pembeni, wataingia humo watulie. Zizi ndilo kondensa. Nikauliza, na lango likifunguliwa tena? Ukacheka, ukasema, "Sasa umeuliza kama fundi." Watatoka wote kwa mkupuo, pointi zitaungua na kugandana, na mkanda hautasimama hata kama mkono wa mtu umenaswa. Ndiyo maana njia ya zizini hufanywa nyembamba. Hiyo nayo ndiyo rezista.

Jana nilifungua kopo lako la maziwa lililo chini ya kitanda. Nimekuta kondensa moja na rezista yake, umezifunga pamoja kwa uzi mweusi wa Mama. Nilimwendea fundi nikamweleza. "Binti," akasema, "unataka kuninyang'anya bisibisi?" Kisha akaacha kucheka. "Baba yako ndiye aliyezifunga? Basi zilete Jumatatu asubuhi, kabla hatujawasha mashine."

Jumatatu ni kesho, Baba. Naogopa kuzipeleka na naogopa kuziacha. Zikiwa nzima, Mama atafanya kazi bila moto juu ya kichwa chake. Zikiwa zimeharibika, huenda pointi zikagandana, na mikono ya Mama iko kwenye mkanda huo kutwa nzima. Mama mwenyewe anasema, "Wewe ni mwanafunzi, waachie wenye kazi yao." Lakini usiku huu ataifunga tena ile kanga iliyokunjwa, na mimi nitaliona lile tundu.

Wabeja, asante sana Baba, kwa zizi na kwa lango. Lala salama huko uliko. Naahidi sitagusa miguu ya kondensa kabla fundi hajaigusanisha kwa bisibisi ili umeme uliobaki utoke. Sijasahau siku ilipokuuma kidole ukasema neno ambalo Mama alikufanya ulitubu. Naahidi pia nitamwomba Mama aondoe mikono na kusimama nami mlangoni, hadi mkanda usimamishwe mara ya kwanza na nione mle kisandukuni hakuna mwanga.

Ni mimi binti yako Kabula, ninayekuomba jibu moja tu, hata kwa ndoto, kabla hakujapambazuka. Wewe hukuwa mtu wa kutupa kitu: hii kondensa uliiweka kwenye kopo kwa sababu ni nzima, au kwa sababu ulishindwa kuitupa?