Kiti cha Baba Fides Ukutani

Hasamba, Julai 1952

Kwako Baba Fides, huko machimboni Kitwe,

Sisi huku wazima, na mbuzi amezaa mapacha.

Kina mama tulipomaliza kuukandika upya ukuta wa kanisa baada ya masika, mwalimu aliwaachia watoto wauchore kwa udongo mwekundu, mweupe na masizi. Kila mtoto achore watu wa kwao wakiwa kazini. Mimi niliwapondea udongo.

Fides hakujui, ulimwacha tumboni. Basi amekuchora kama ulivyo kwenye ile picha uliyotuma: umevaa koti, umekaa kwenye kiti, katikati ya watu wanaolima! Wenzangu walicheka mpaka wakakaa chini. Mmoja wao, Roda, akamuuliza Fides, "Mbona baba yako amekaa tu?"

Mtoto akamjibu, "Anapumzika kidogo, halafu anakuja."

Mimi sikucheka. Mdogo wako Enoka aliporudi kutoka huko alinieleza habari za mwanamke unayeishi naye. Sikuulizi neno.

Ila kando ya kiti chako Fides amechora jembe, na hakuruhusu mtu mwingine achorwe amelishika. Udongo wetu unafutika kwa maji, Baba Fides. Ukija, kiti tutakifuta.

Mimi mkeo,
Marita